Kagua Kompyuta Mpakato ya Mtumba kwa Amri za Linux Kabla Hujalipa

"Hii i7 ni nzuri?" "Nimeambiwa RAM ni GB 8, mbona inaonyesha 7.6?" "Betri ilikuwa asilimia 100 dukani, nyumbani inakata baada ya nusu saa, nifanyeje?" Maswali haya hayaishi, na mengi huulizwa pesa ikiwa imeshatoka mfukoni. Mwongozo huu ni wa kuyajibu mapema, ukiwa bado umesimama mbele ya muuzaji.

ThinkPad (za Lenovo), Latitude (za Dell) na EliteBook (za HP) nyingi zinazouzwa kwa bei ya mtumba zilifanya kazi maofisini kwa miaka kadhaa. Ganda linasafishwa, kibandiko kipya kinabandikwa, na kwa macho mashine inang'aa. Lakini diski huandika yenyewe imewaka saa ngapi, betri hukumbuka ilitoka kiwandani na uwezo gani, na prosesa haijui kudanganya jina lake. Kazi yako ni kuziuliza. Inachukua kama dakika 40.

Andaa hivi kabla ya kutoka nyumbani

- Flashi ya GB 4 au zaidi ambayo uko tayari kuifuta yote.
- Flashi ya pili, hata ndogo, ya kujaribia matundu ya USB.
- Faili la ISO la SystemRescue, linalopakuliwa bure kwenye tovuti yao. Ni Linux inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi, na amri karibu zote za hapa zimo ndani yake, kwa hiyo huhitaji intaneti dukani.
- Simu ya kupigia picha za skrini. Ukikuta tatizo, picha ndiyo ushahidi wako wa kuombea bei ipungue.
- Ruhusa ya muuzaji. Mweleze kwamba hakuna kitakachoandikwa kwenye diski yake. Akikataa kabisa, nenda duka jingine.

1. Tengeneza flashi

Kwenye Windows tumia programu ya Rufus: chagua ISO, chagua flashi, usibadilishe jina la flashi ambalo Rufus inalipendekeza, kisha anza. Jina hilo ndilo SystemRescue inalolitafuta wakati wa kuwaka.

Kwenye Linux, angalia kwanza flashi yako inaitwaje:

`lsblk`

Kisha:

`sudo dd if=systemrescue.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync`

Badilisha `sdX` iwe jina la flashi yenyewe, kwa mfano `sdb`, bila namba mwishoni. Hapa ndipo wanaoanza wanapolia. Amri ya `dd` haiulizi "una uhakika?" Ukiandika `sda` na hiyo ndiyo diski yako, picha za harusi na kazi za chuo zimekwenda. Chomoa flashi, endesha `lsblk`, ichomeke tena, endesha `lsblk` tena. Kilichoongezeka ndicho unachokitaka.

2. Iwashe kutoka kwenye flashi

Zima mashine kabisa. Windows ina tabia ya kuzima nusu, kwa hiyo shikilia Shift unapobonyeza Shut down. Washa huku ukibonyeza F12 kwa Lenovo na Dell, au F9 kwa HP, hadi orodha ya vifaa vya kuwashia itokee.

SystemRescue haiwaki ikiwa Secure Boot (kinga inayoruhusu kuwaka mifumo iliyosainiwa tu) imewashwa. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya bodi inayofunguka kabla ya Windows (F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP), uizime. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la data la Windows), Windows inaweza kudai ufunguo wa kufungulia itakapowashwa Secure Boot ikiwa bado imezimwa. Ukiirudisha kama ilivyokuwa, hali hurudi.

Kuingia BIOS ni kipimo chenyewe. Ikiwa inaomba nenosiri na muuzaji halijui, acha mashine hiyo. Kwenye ThinkPad na EliteBook nenosiri hilo haliondoki kwa kuchomoa betri ndogo ya bodi, watu wanavyodhani. Ukiwa humo humo, tafuta sehemu ya usalama iliyoandikwa Absolute au Computrace. Ikisomeka `Activated`, mashine bado inaweza kufuatiliwa na kufungwa kwa mbali na ofisi iliyoimiliki.

Ikishawaka utaona terminali, na wewe ni mtumiaji mkuu tayari, kwa hiyo amri zifuatazo hazina `sudo` mbele. Ukitumia Ubuntu au Mint, iongeze. Ukitaka madirisha, andika `startx`.

3. Mwulize jina lake

`dmidecode -t 1`

Linganisha `Serial Number` na namba iliyo chini ya ganda. Zikipishana, bodi au ganda limebadilishwa. Si lazima iwe wizi, mafundi hubadilisha bodi kila siku, lakini bei haiwezi kubaki ya mashine nzima. Kwa Lenovo usishangae `Product Name` ikiwa msimbo tu kama 20L5 na kitu mbele yake. Jina tunalolijua, ThinkPad T480, liko kwenye mstari wa `Version`.

4. Prosesa

`lscpu | grep -E 'Model name|Core|Thread'`

Usinunue neno "i7", nunua namba inayofuata. i7-7500U ni ya kizazi cha 7 na ina viini 2. i5-8250U ni ya kizazi cha 8 na ina viini 4. Hiyo i5 inaishinda i7 hiyo kwa kazi nyingi, na bado kuna watu wanalipa zaidi kwa sababu ya kibandiko. Kizazi kinasomwa kwenye tarakimu ya kwanza baada ya kistari (-), na kuanzia kizazi cha 10 ni tarakimu mbili za kwanza: i7-1165G7 ni ya 11.

Kizazi cha 8 ni mpaka muhimu, kwa sababu Windows 11 rasmi inaanzia hapo kwa prosesa za Intel, ukiacha chache sana za kizazi cha 7, na masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji pia TPM 2.0, chipu ya usalama:

`cat /sys/class/tpm/tpm0/tpm_version_major`

Jibu liwe 2. Kama utatumia Linux tu, kizazi cha 6 bado kinakufaa na kitakupunguzia gharama.

5. RAM

`free -h`

`dmidecode -t 17 | grep -E 'Size|Type:|Locator|Form Factor'`

Ile 7.6 haijaibwa. Sehemu ya RAM huchukuliwa na grafiki za ndani na programu ya bodi. Kinachofaa kuangaliwa ni amri ya pili: kuna vipande vingapi, na je, kuna sloti iliyo wazi? Sloti tupu husomeka `No Module Installed`. Ukiona `Row Of Chips`, RAM hiyo imechomelewa kwenye bodi na haitoki. Mashine yenye GB 4 zilizochomelewa bila sloti ya ziada itabaki na GB 4 hadi mwisho wake.

6. Diski, na hapa usiwe na haraka

`lsblk -d -o NAME,SIZE,ROTA,TRAN,MODEL`

`ROTA` ikiwa 1 ni diski ya kuzunguka, 0 ni SSD (flashi yako inaweza kuonyesha 1, ipuuze). Ukubwa utaonekana mdogo kuliko ulioambiwa: diski ya GB 256 husomeka 238.5G, ya GB 500 husomeka 465.8G. Ni hesabu ya 1,024 badala ya 1,000, hakuna kilichopunjwa. Ila `MODEL` ikisema tu "SSD 512GB" bila jina la kampuni, hesabu moyoni gharama ya kuibadilisha.

Sasa soma kumbukumbu yake ya afya. Kwa diski ya SATA (safu ya `TRAN` inasema `sata`):

`smartctl -a /dev/sda | less`

Kwa NVMe (`TRAN` inasema `nvme`):

`smartctl -a /dev/nvme0n1 | less`

Juu utaona neno `PASSED`. Usiridhike nalo. Diski nyingi husema hivyo hadi siku zinapokufa, kwa sababu kipimo hicho hulia tu pale mtengenezaji alipoweka mpaka, na mpaka huo uko mbali sana.

Kwenye diski ya kuzunguka, nenda safu ya mwisho, `RAW_VALUE`, ukasome mistari hii:

- Namba 5, `Reallocated_Sector_Ct`: sekta zilizokufa na kuhamishiwa akiba.
- Namba 197, `Current_Pending_Sector`: sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanye nini.
- Namba 198, `Offline_Uncorrectable`: zilizoshindikana wakati wa kujikagua.

Zote tatu ziwe 0. Kama 197 si sifuri, usinunue na diski hiyo hata kwa bei ya kutupa, maana maana yake ni kwamba leo, sasa hivi, kuna data humo isiyosomeka. Namba 199, `UDMA_CRC_Error_Count`, ni habari nyingine: inahusu kebo au kiunganishi kilicholegea, na huponywa kwa kukichomoa na kukirudisha vizuri.

Namba 9, `Power_On_Hours`, ni saa ambazo diski imewaka. Mwaka mzima bila kuzima ni saa 8,760. Mashine ya ofisi, saa 8 kwa siku 250, hufika kama 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo 10,000 ni miaka mitano ya kazi, na maneno "ilitumika miezi sita tu" yanajijibu yenyewe.

Kwenye NVMe mambo ni mepesi zaidi kusoma. `Percentage Used` ni kiasi cha uhai kilicholiwa. 12% ni njema, 85% ni mzee. `Media and Data Integrity Errors` iwe 0. `Available Spare` iwe 100% au karibu yake. `Unsafe Shutdowns` ikiwa kubwa isikutishe, hiyo huhesabu umeme uliokatika na vidole vilivyoshikilia kitufe cha kuzima. SSD za SATA ndizo zinazosumbua, kwa kuwa kila kampuni ina jina lake: Samsung huandika `Wear_Leveling_Count`, Crucial huandika `Percent_Lifetime_Remain`. Kwenye hiyo ya Samsung tazama safu ya `VALUE`: huanza karibu na 100 na kushuka kadiri SSD inavyochakaa.

Malizia kwa kipimo kifupi:

`smartctl -t short /dev/sda`

Subiri dakika mbili, kisha:

`smartctl -l selftest /dev/sda`

Unataka `Completed without error`. Ukisoma `read failure`, umemaliza na diski hiyo.

Kasi ya kusoma ipime kwa `hdparm -t /dev/sda`. SSD ya SATA iliyo sawa huwa karibu na MB 500 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka ni 80 hadi 150. SSD ikikwama kwenye 250 hivi, angalia `smartctl -i`: pengine imeunganishwa kwa Gb 3.0 badala ya 6.0, kwa sababu ya kebo au bodi ya zamani.

7. Betri

`cd /sys/class/power_supply`

`grep . BAT*/energy_full* BAT*/charge_full* BAT*/cycle_count 2>/dev/null`

Utapata jozi ya namba: `energy_full_design` ni uwezo wa kiwandani, `energy_full` ni uliobaki. Mashine nyingine huandika `charge` badala ya `energy`; kanuni ni ile ile. Tuseme ya kiwandani ni 50000000 na ya sasa ni 31000000. Gawanya: 62%. Hiyo betri imepoteza zaidi ya theluthi. Juu ya 80% ni nzuri kwa mtumba, chini ya 50% weka bei ya betri mpya kwenye mazungumzo. ThinkPad T480 ina betri mbili, BAT0 ya ndani na BAT1 ya nyuma. Kagua zote, kwa kuwa muuzaji hubadilisha ile ya nyuma iliyo rahisi kutoa na kuiacha ya ndani ikiwa hoi. `cycle_count` ikiwa 0 mara nyingi maana yake ni kwamba betri hairipoti, wala si kwamba ni mpya.

Usiamini namba hizo peke yake. Kuna betri zilizofunguliwa, zikawekwa seli za bei rahisi, na chipu yake ikaandikwa upya ili isomeke 100%. Dawa yake ni kuimwaga. Chomoa chaja, andika namba hii, subiri dakika 15, iandike tena:

`cat BAT0/energy_now`

Ikiwa imeshuka kwa Wh (wati-saa) 3.2, yaani 3200000, kwa saa ni 12.8. Betri yenye Wh 31 kwa mwendo huo itakaa kama saa mbili na dakika 25. Inaposhuka taratibu na kwa usawa, ni ya kweli. Ikiruka kutoka 70% hadi 40% ghafla, au mashine ikazima, umeshaiona.

8. Joto na feni

Ichomeke chaja, kisha ibebeshe prosesa mzigo wa dakika 5:

`for i in $(seq $(nproc)); do timeout 300 sha256sum /dev/zero & done`

Itazame inavyohema:

`watch -n 2 'grep MHz /proc/cpuinfo; cat /sys/class/thermal/thermal_zone*/temp'`

Joto huandikwa kwa elfu: 87000 ni nyuzi 87. Kati ya 75 na 92 chini ya mzigo mzito ni kawaida kwa mashine nyembamba. Ikigonga 98 na kung'ang'ania hapo, feni ina vumbi au pesti ya prosesa imekauka. Ni kazi ndogo kwa fundi, lakini itaje kwenye bei. Weka kiganja pembeni inapotoka hewa. Hewa iwe ya moto na isukume. Joto likiwa juu huku hewa ikiwa baridi, moto hauhami kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye bomba la kupozea.

Kasi kushuka kidogo baada ya nusu dakika ni tabia ya prosesa za U (zenye herufi U mwishoni mwa namba, kama i5-8250U), hazina kosa. Kushuka hadi MHz 800 au 400 si sawa. Kabla ya kulaumu bodi, angalia chaja. Dell isiyoitambua chaja yake hujibana kwa makusudi, na chaja za kuigiza ndizo zinazoileta hali hiyo. Jaribu kwa chaja halisi ya wati zinazotakiwa.

Mzigo ukiisha:

`dmesg | grep -iE 'throttl|mce|hardware error|i/o error'`

Mstari wa `throttled` mmoja mmoja unavumilika. `Hardware Error` au `I/O error` ni sababu tosha ya kuirudisha mezani.

9. Vilivyobaki, haraka

Wi-Fi: `nmcli device wifi list`. Ikiona mtandao wa jirani wa karibu tu wakati simu yako inaona kumi, waya wa antena umechomoka ndani.

Matundu ya USB: endesha `dmesg -w`, chomeka flashi ya pili kwenye kila tundu. Kila mara lazima mistari mipya itokee. Itikise kidogo, ikijitoa na kurudi, tundu limelegea.

Kibodi: ukiwa kwenye terminali bila madirisha, andika `showkey` ubonyeze vitufe vyote mstari kwa mstari. Kila kitufe kitoe `press` na `release`. Chenye `press` bila `release` kimenasa, mara nyingi kwa chai yenye sukari iliyomwagika. Ukitulia sekunde 10, programu inajifunga.

Sauti, kamera na madoa ya kioo vikague ndani ya Windows, ni rahisi zaidi.

Memtest86+ imo kwenye orodha ya mwanzo ya flashi hiyo hiyo. Mzunguko mmoja kamili unaweza kuchukua saa nzima au zaidi, kwa hiyo ifanye nyumbani usiku wa kwanza, siku za waranti zikiwa bado hazijapita. Kosa moja tu, jekundu, linatosha kurudisha RAM.

Ukimaliza, andika `poweroff`, kisha rudisha Secure Boot kama ulivyoikuta.

10. Ukishainunua na kuweka Linux yako

Zuia betri isijazwe hadi juu kila siku, hasa kama mashine inakaa kwenye chaja:

`echo 80 | sudo tee /sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold`

Washa usafi wa SSD (kuijulisha mara kwa mara nafasi zisizotumika tena) kwa `sudo systemctl enable --now fstrim.timer`. Sasisha BIOS kwa `fwupdmgr refresh` kisha `fwupdmgr update`, lakini kwa sharti: betri iwe nzima na imejaa, na chaja imechomekwa. Umeme ukikatika katikati na betri ni mbovu, bodi inaweza kufa papo hapo. Kama betri ndiyo unasubiri kuibadilisha, sasisho lisubiri nayo.

Ikikwama

*Flashi haionekani kwenye orodha ya kuwashia.* Badilisha tundu, hakikisha Secure Boot imezimwa. Bado? Itengeneze upya kwa Rufus.

*Skrini inabaki nyeusi baada ya kuchagua.* Kwenye orodha bonyeza `e`, ongeza neno `nomodeset` mwishoni mwa mstari wa `linux`, kisha bonyeza Ctrl+X.

*`lsblk` haionyeshi diski, ingawa Windows inawaka.* Hii hutokea sana kwa Dell. BIOS imeweka diski kwenye RAID badala ya AHCI, ambazo ni namna mbili za bodi kuwasiliana na diski. Ibadilishe kwa ajili ya ukaguzi tu, kisha irudishe kabla ya kuwasha Windows, la sivyo itagoma kuwaka.

*`smartctl` inasema `SMART support is: Disabled`.* Iwashe: `smartctl -s on /dev/sda`.

*Diski iko kwenye kasha la USB na inaleta `Unknown USB bridge`.* Ongeza `-d sat` baada ya `smartctl`.

*Hakuna BAT0 wala BAT1.* Betri haijakaa, au imekufa kiasi cha kutojibu. Itoe na kuirudisha kama inatoka. Vinginevyo ihesabu kuwa haipo.

*Wi-Fi haionekani kabisa.* Endesha `rfkill list`. `Soft blocked: yes` huondolewa kwa `rfkill unblock all`. `Hard blocked: yes` ni swichi ya pembeni au kitufe cha Fn. Isipokuwepo hata hapo, tazama `lspci -nnk`: kadi ikitajwa bila mstari wa `Kernel driver in use`, inakosa draiva tu, na kadi za Broadcom zina mazoea hayo. Isipotajwa kabisa, kadi imetolewa.

*Faili la `charge_control_end_threshold` halipo.* Mashine hiyo au kerneli yako haina uwezo huo. Angalia kwenye BIOS. HP na Dell nyingi huweka mpangilio huo humo.